Una watoto wawili na foleni ya Mbagala, gitaa utalipiga saa ngapi?

Haya wajameni, wiki hii naongea na kundi moja tu, wengine mnaweza kuruka mkasome nyota zenu. Naongea na wewe mwenye miaka thelathini na ushee, una kibarua, una mwenza, una mtoto mmoja au watatu, na nyuma ya kabati lako limelala gitaa. Ulilinunua Kariakoo kwa mbwembwe zote, ukapiga nalo picha, ukawatangazia washikaji kuwa sasa ni wewe na muziki, muziki na wewe. Wiki tatu baadaye vidole vikauma, mtoto akaugua, bosi akaongeza zamu, na gitaa likageuka kuwa mahali pa kutundikia mikoba.

Ukiulizwa unajibu kama wote: muda sina, bwana.

Sibishi. Mtu anayeishi Mbagala na kufanya kazi Posta anaondoka giza na kurudi giza. Akifika, watoto wameanza kusinzia na madaftari ya shule bado yanamsubiri mezani. Maji yalikatika tangu mchana, na shemeji kapiga simu kuna msiba. Ukimwambia huyo atenge saa mbili kila siku za mazoezi ya gitaa, atakuuliza nani kakutuma.

Lakini nani alisema zinatakiwa saa mbili?

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na D. J. A. Longman, walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa posta waliokuwa wanafundishwa kupiga taipu. Kundi moja lilijifunza saa moja tu kwa siku. Jingine lilikaa vipindi viwili vya saa mbili mbili, yaani saa nne kila siku. Ukijumlisha saa zote, wale wa saa moja ndio waliotumia chache kufika kiwango kile kile. Kichekesho ni kwamba hao hao ndio walionung'unika zaidi kuhusu ratiba yao, maana siku zilikuwa nyingi na waliona wenzao wanawapita. Mkono unajifunza ukiupa kidogo halafu ukauacha ukalale. Kwa hiyo yule kijana asiye na mke wala mtoto, anayekesha na gitaa Jumamosi nzima halafu halishiki tena mpaka mwisho wa mwezi, usimwonee wivu. Wewe wa dakika kumi kila usiku unaweza kumzidi.

Kitu cha kwanza, litoe hilo gitaa kwenye mfuko. Gonga msumari imara sebuleni, ulitundike juu kidogo ya mkono wa mtoto. Gitaa lililofungwa zipu nyuma ya kabati linataka nia, gitaa la ukutani linataka mkono tu. Wali unachemka? Lishushe. Mtoto yuko bafuni anacheza na povu hataki kutoka? Lishushe. Umeme umekatika na televisheni imenyamaza? Hapo ndugu yangu umepewa zawadi, maana gitaa kavu halijui luku.

Nikisema gitaa kavu namaanisha lile lisilochomekwa popote, ambalo wazee wetu waliliita galatoni. Jina hilo limetokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyokuwa yanatengenezwa Afrika Kusini. Yalifika huku kwetu na yalifika Ulaya pia. John Lennon wa The Beatles, alipokuwa bado kijana Liverpool, alipiga galatoni. Na aliyemwonyesha mambo ya kwanza hakuwa mwalimu wala nani, ni mama yake, Julia, ambaye alikuwa anapiga banjo. Kwa hiyo kijana akaanza kulipiga gitaa kama banjo. Mama alikuwa na alichonacho, akatoa hicho hicho.

Kama bado hujanunua, usiangalie rangi. Angalia nafasi iliyopo kati ya nyuzi na shingo. Nyuzi zikiwa juu sana, utabana mpaka machozi na sauti itoke imekufa, utadhani huna kipaji kumbe gitaa ndilo halifai. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole, za chuma zinakata mwanzoni, ila zina sauti ya kung'aa. Na tafadhali, usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nailoni. Mvuto wake ni mkubwa na litafumuka pale chini nyuzi zinapofungiwa. Muuzaji wa haraka haraka hatakwambia.

Kutyuni zamani kulihitaji mtu mwenye sikio. Leo kuna programu za bure kwenye simu. Unapiga uzi, simu inakwambia kaza au legeza. Kutoka ule mnene wa juu ni E, A, D, G, B, halafu E nyembamba. Dakika mbili umemaliza.

Sasa vidole. Hesabu nyuzi kuanzia ule mwembamba, wa kwanza, mpaka mnene, wa sita. Chukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile cha kati na cha pete, bana uzi wa tano na wa nne kwenye chumba cha pili cha shingo, yaani kati ya chuma cha kwanza na cha pili. Piga nyuzi zote. Hiyo ni kodi ya E maina. (Kodi hizi si za TRA wala za baba mwenye nyumba, ni sauti kadhaa zinazolia pamoja.) Baada ya hapo, chumba hicho hicho, vidole hivyo hivyo, visogeze viende uzi wa nne na wa tatu, na ule mnene wa sita usiuguse. Umepata ndugu yake A. Kodi mbili kwa vidole viwili, na hujakaa hata robo saa.

Kinachotesa watu si kubana kodi, ni kuhama kutoka hii kwenda ile bila kusimama kama gari bovu. Dawa yake ni ndogo. Weka simu ihesabu dakika moja, hama kutoka E maina kwenda A na kurudi, hesabu umehama mara ngapi. Leo tisa. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Kesho kumi na moja. Ukifika thelathini, ongeza kodi nyingine, na siku ukizijua G, C na D, zile nyimbo za dansi na za kwaya zinazozungukia kodi tatu zimeshaingia mkononi mwako. Ncha za vidole zitauma kwa wiki kadhaa mpaka ziote sugu. Zikivimba pumzika siku moja, hakuna medali ya kutoka damu.

Foleni nayo si ya kutupa. Mkono wa kulia unaweza kujifunza mapigo ndani ya daladala, chini na juu, juu ya paja. Paja lako, nasisitiza, siyo la jirani.

Watu wengi wanasubiri watoto walale ndipo waanze, na hapo ndipo wanaposhindwa, maana watoto wakilala na wewe umelala. Anza wakiwa macho. Mtoto wa miaka mitatu ndiye msikilizaji pekee duniani anayetaka wimbo ule ule mara ishirini mfululizo na bado akasema tena. Mtu mzima gani atakupa nafasi hiyo? Unakosea, yeye anacheka na kurukaruka. Atataka kushika, mwache apige nyuzi wakati wewe unabana kodi. Anayefikisha miaka sita saba anaweza kununuliwa ukulele, nyuzi zake ni nne tu na ni laini, akaacha kugombania la kwako. Kama unaishi nyumba ya kupanga na ukuta unapitisha mpaka chafya, sukumiza kipande cha sponji chini ya nyuzi pale karibu na zinapofungiwa. Sauti inakuwa ya kunong'ona, mpangaji wa chumba cha pili analala na wewe unaendelea.

Sasa tufike penye moto. Hizo dakika kumi unazitoa kwa nani?

Mshikaji wangu mmoja wa Tabata alianza vizuri, dakika kumi sebuleni. Zikawa ishirini. Zikawa saa nzima, na saa yenyewe ndiyo ile ile ya kuogesha watoto. Akiitwa anajibu, "Subiri nimalizie hii." Mkewe naye katoka kazini kama yeye, mguu mmoja jikoni, mwingine bafuni na mtoto aliyejaa sabuni machoni. Mama watu hakugomba. Jumapili moja alilipangusa lile gitaa vizuri, akalibeba mpaka Ukonga kwa mama mkwe, akaliegemeza kwenye kochi na kusema, "Mama, mtunzie mwanao gitaa lake. Na yeye akitaka kulifuata, sitamzuia."

Wenzangu wanaume tulipoisikia tulicheka sana, lakini yule mama alikuwa na hoja, tena nzito. Nyumba nyingi za mjini siku hizi wote wawili wanatoka asubuhi, ila wakirudi mmoja anakuwa amefika nyumbani na mwingine anakuwa amefika kazini kwa mara ya pili. Huyo wa pili akiona wa kwanza kakaa anabembeleza mbao, haoni muziki hapo, anaona vyombo visivyooshwa. Walikaa wakaongea, wakafikia makubaliano. Jumanne na Alhamisi baada ya kula ni nusu saa ya bwana. Jumatatu na Jumatano ni nusu saa ya bibi, na bwana anashika watoto, vyombo na kila kitu. Unajua bibi alichagua kufanya nini na nusu saa yake? Kulala. Mlango umefungwa, simu imezimwa, hakuna kuitwa mama. Gitaa lilirudi Tabata mwezi ule ule, na kwa taarifa yako, mshikaji siku hizi anapiga vizuri kuliko alipokuwa anajipigia saa nzima.

Wapo watakaokwambia mzazi mwenye heshima zake hashiki gitaa, huo ni uhuni. Wakumbushe kuwa dansi la nchi hii lilikuwa kwa sehemu kubwa muziki wa watu wenye ajira. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Sikwambii utakuwa Mbaraka Mwinshehe. Yule alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu, na mpaka leo wapiga solo wanamtafuta hawampati. Wewe mtafute Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 pale Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi. Mtu mmoja, galatoni moja, anaimba Kiswahili. Dole gumba linapiga besi kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyembamba, na unaweza kuapa wako wawili. Hana bendi ya kusubiri wala mazoezi ya saa nne usiku kwenye baa. Muziki wa kukaa kwenye kigoda chako nyumbani, sijaona unaomfaa mzazi kuuzidi huo.

Na akina mama je? Baba akishika gitaa anaambiwa anajiendeleza, mama akilishika anaambiwa mboga inaungua. Namfahamu dada mmoja wa Sinza, muuguzi, ana mapacha wa darasa la pili. Akitoka zamu ya usiku anawapeleka shule, anarudi, na kabla hajalala anapiga dakika kumi na tano. Kucha za mkono wa kulia ni ndefu na zina rangi nyekundu kama harusi, za kushoto kazikata mpaka nyama, kwa sababu kucha ndefu hazibani uzi. Kwenye saluni wamezoea, hawaulizi tena. Mama mkwe ndiye aliyeuliza kama anataka kujiunga na bendi. Akamjibu, "Hapana mama, nataka mapacha wanikumbuke na kitu kingine zaidi ya kuwaambia waoge."

Mpaka sasa ana kodi tano. F bado inamtoa jasho, na inamtoa jasho kila mtu, maana kidole kimoja kinatakiwa kilale na kubana nyuzi zote sita kwa mpigo. Nimemwonyesha njia ya mkato na wewe ichukue: nyuzi mbili nene ziache kabisa. Shahada ilalie uzi wa kwanza na wa pili tu, chumba cha kwanza. Kidole cha kati, uzi wa tatu, chumba cha pili. Cha pete, uzi wa nne, chumba cha tatu. Piga hizo nne. Kama kuna uzi unaolia kama kopo, sogeza kidole karibu na chuma, halafu piga tena.