Hela ziliisha, picha ya jicho ikabaki

Mwishoni mwa Julai 2023, vijana wa Nairobi walirauka kwenda kupiga foleni katika jumba la KICC. Hawakuwa wakitafuta kazi wala pasipoti. Walikwenda kukikodolea macho chombo kimoja cha mviringo kama mpira, kinachong'aa, nacho kikawapiga picha mboni za macho. Kila aliyekubali alipewa sarafu 25 za kidijitali, ambazo aliweza kuzibadilisha akapata takriban shilingi 7,000. Mradi wenyewe uliitwa Worldcoin, na mmoja wa waanzilishi wake ni tajiri wa kompyuta wa Marekani, Sam Altman.

Msomaji mpenzi, usiwacheke vijana hao. Kwa mwanafunzi anayedaiwa kodi ya chumba, shilingi elfu saba kwa kazi ya dakika chache ni neema iliyoshuka kutoka mbinguni. La kuuliza ni kama alijua alichokuwa akikitoa.

Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, 2023, watu zaidi ya 350,000 wakiwa wamekwisha kupigwa picha. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na Mei 5, 2025 uamuzi ukatolewa: habari hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, na zifutwe katika muda wa siku saba, Kamishna wa Kulinda Data akisimamia. Mahakama ilisema kwamba idhini inayopatikana kwa kumwonyesha mtu hela si idhini. Hapo karibu miaka miwili ilikuwa imepita, na zile elfu saba, bila shaka, zilikwisha kuliwa zamani.

Mtu akiijua nambari yako ya siri ya simu, utaibadilisha jioni hiyo hiyo. Akiwa na mboni yako ya jicho, utabadilisha nini?

Ukitaka kuona jambo hili linavyoweza kumwandama mtu, nenda Garissa. Nyakati za ukame na njaa, baadhi ya familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali zilijiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili zipate chakula na matibabu. Watoto nao waliwekwa vidole. Miaka ikapita, mtoto akafikisha miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho kama vijana wenzake. Kompyuta ikasoma kidole chake na kumwita mkimbizi, ingawa amezaliwa Kenya, na wazazi wake ni Wakenya. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na akikutana na polisi barabarani moyo humwenda mbio. Yote hayo kwa ajili ya mgao wa unga ambao hata hakuuomba yeye. Kwangu mimi kisa hiki kinatisha kuliko kile cha KICC, kwa kuwa kidole kilichukuliwa kwa nia njema kabisa.

Kuna la ndani zaidi kuliko kidole. Sheria iliyorekebishwa mwaka wa 2018 ili kuanzisha Huduma Namba iliiorodhesha DNA, yaani chembe za urithi, miongoni mwa habari ambazo serikali ingeweza kuchukua. Watetezi wa haki, wakiwemo Wanubi ambao kwa miaka mingi wamehangaishwa kuhusu vitambulisho, walikwenda mahakamani. Januari 30, 2020 majaji watatu waliamua kwamba kipengele cha DNA kilikiuka Katiba, ambayo katika Kifungu cha 31 inampa kila mtu haki ya faragha. Na DNA haina mwenyewe mmoja. Ukitoa mate yako yakapimwe, umetoa pia habari za mama yako, ndugu zako na wanao, na hakuna aliyewauliza. Hata ile siri ya ni nani hasa baba wa kifungua mimba hujitokeza humo, nayo imevunja nyumba nyingi bila msaada wa kompyuta.

Tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Si maneno matupu: mwaka wa 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila wazazi kukubali. Kwa hivyo shule ikikuletea fomu ya kumweka mwanao kidole kwenye mashine ya mahudhurio, usitie sahihi ukiwa umesimama mlangoni. Uliza alama hiyo itawekwa wapi, nani ataiona, na akihama shule itafutwa lini. Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa afisi ya Kamishna, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Nakala ya barua yako ibaki nyumbani.