Misemo Iliyochakaa katika Infinite Jest

Wahakiki wa Infinite Jest (1996), riwaya ya Mmarekani David Foster Wallace, wameshughulishwa mno na umbo lake: kurasa zaidi ya 1,000, tanbihi 388, na ile filamu inayomnasa mtazamaji hata asitake kitu kingine maishani. Kwa maoni yangu, kiini kimo kwingine, katika mikutano ya Alcoholics Anonymous mjini Boston. Humo Don Gately, mwizi aliyetawaliwa na dawa za kulevya, hufundishwa misemo iliyochakaa, kama ule wa kuishi siku moja moja. Haiamini, huitamka tu, na kwa mshangao wake inamfaa. Mwanaisimu hawezi kulipuuza jambo hili. Tumezoea kuupima usemi kwa upya wake au ukweli wake, ilhali kitabu cha J. L. Austin cha mwaka 1962 kilikwisha kuonyesha kwamba kusema ni kutenda. Wanaoiita riwaya hii kejeli tupu wameisoma nusu (na nusu yenyewe, nakiri, ni ndefu). Katika mikutano ile, msemaji mwenye kejeli hukosa wasikilizaji.