Jiko la ugali si la kung'olea aisii

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku kuhusu kazi yetu mafundi redio wa hapa Sumbawanga.

Vipuri hutoka mbali, hivyo mafundi hung'oa aisii kwenye bodi za redio na televisheni mbovu. Hilo sina ubishi nalo. Ninalopinga ni kubandika bodi juu ya jiko la mkaa, tena ndani, milango imefungwa kwa baridi ya Ufipa. Bodi za kabla ya Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi, nyingi zimelehemiwa kwa bati na risasi. Mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Mkaa hauna kipimo. Huunguza bodi, moshi wa sumu ukatoka na matone ya risasi yakabaki jikoni. Jioni jiko hilo hilo linapika ugali wa watoto, na risasi hudumaza akili za watoto.

Pasi ya kulehemu na pampu ya kunyonyea risasi zinatosha. Naomba SIDO Rukwa itufundishe, na Manispaa itenge mahali pa kukusanyia bodi. Kanuni za taka za kielektroniki zipo tangu 2021. Zikikaa kabatini, zitamkinga nani?

Fundi Redio,
Sumbawanga.