Mlichukua damu yangu, nipeni majibu

Wasee, leo nina jambo moja tu, na lisipotoka kifuani litanisonga.

Nina pumu. Nikiwa na miaka 19 niliingia kwenye utafiti wa dawa hapa Nairobi. Miezi kumi. Kila wiki ya pili napanda matatu saa kumi na mbili asubuhi, natolewa damu, napuliza ile mashine ya kupima mapafu, narudishiwa nauli, naenda zangu. Mathe akaniuliza, "Kwani wewe ni panya wa maabara?" Nikamwambia zii, fomu nimesoma, nimesaini mwenyewe, na nikichoka natoka na matibabu yangu yanaendelea. Na kusema ukweli, walinitunza poa.

Noma ilianza utafiti ulipoisha. Kimya. Hadi leo sijui kama nilikuwa napewa dawa mpya au ile ya kawaida. Sijui kama ilisaidia mtu. Nimepiga simu mara tatu, naambiwa "tutakujulisha." Huu ni mwaka wa pili.

Na majibu si kitu kidogo. Cheki utafiti wa KEN SHE: wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, kutoka Nairobi, Thika na Kisumu, walijitolea kupima kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Ikatosha. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja itumike, na utafiti wao ni kati ya zile zilizotegemewa. Hebu fikiria umefanya kitu kama hicho halafu hakuna anayekuambia!

Hii si hisani tunaomba. Azimio la Helsinki, ambalo watafiti wa tiba hulifuata, linataka washiriki wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo.

Mtasema kuchambua data kunachukua muda. Sawa. Tumeni basi meseji moja: "Bado tunachambua." Namba yangu mnayo. Nikichelewa dakika tano tu mlikuwa mnanipigia.

Sisemi mkatae utafiti. Hata mimi naweza kuingia tena, maana inhela ninayotembea nayo kuna watu waliojaribiwa kabla yangu. Lakini kabla hujasaini, uliza: "Matokeo nitaambiwa lini, na nani?" Wakianza kukunja maneno, weka kalamu chini kwanza.