Damu Ipimwe Kabla ya Upasuaji

Maradhi ya kuhara yangali mzigo mzito kwa wakazi wa Kibera na Kawangware. Lakini wachache hutambua kwamba kuhara na kutapika, sawa na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, humpunguzia mtu madini ya potasiamu. Kiwango cha kawaida katika damu huanzia milimoli 3.5 kwa lita. Kikishuka mno, mapigo ya moyo huweza kuvurugika mgonjwa akiwa katika nusukaputi. Na hata akinusurika, misuli hulegea na matumbo hukawia kurejea kazini.

Tunazihimiza hospitali zisimpasue mgonjwa wa aina hii kabla ya kumpima. Nanyi walimu na wanafunzi, waelezeni jamaa zenu wasimfiche daktari lolote. Kutaja kuhara si aibu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.