Sikilizeni na Upande wa Kulia

Ukiulizwa moyo uko wapi, bila shaka utajipiga kifua upande wa kushoto. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka kisa cha binamu yangu wa miaka minne.

Mtoto huyo alikohoa mwaka mzima na pua haikauki. Majirani wakaanza kunong'ona eti amerogwa. Zahanati ya kwanza walimpa dawa ya maji tu. Ya pili walisikiliza kushoto, wakasema mapigo yako mbali. Eksirei ilipopigwa, moyo ukaonekana kulia, na aliyeishika akadhani ameishika kinyume, akaigeuza! Loo! Daktari mmoja mzee ndiye aliyetazama ile herufi inayowekwa pembeni kuonyesha upande, akaona picha haina kosa. Akaweka kipimo chake kifuani kulia, moyo ukagonga du! du! du! Kumbe ini nalo lilikuwa kushoto na tumbo kulia, kama mtu aliye ndani ya kioo.

Hali hii humpata kadiri ya mtu 1 kati ya 10,000, na wengi wao wana mioyo mizima. Moyo ukiwa kulia peke yake, huku ini na tumbo viko mahali pake pa kawaida, hapo ndipo kasoro za moyo huwa nyingi. Kwa hivyo kuuona moyo hakutoshi, lazima tumbo nalo lipigwe picha.

Na kikohozi je? Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener aliandika juu ya wagonjwa waliogeuka viungo, wenye pua na mapafu mabovu. Siku hizi yajulikana kwamba baadhi yao vinyweleo vidogo vinavyofagia makamasi havifanyi kazi. Vinyweleo vya namna hiyo ndivyo huonyesha viungo upande wake mtoto akiwa bado tumboni mwa mama.

Wengine watanibishia kwamba jambo hili ni nadra mno. Sikatai. Lakini kusikiliza pande mbili ni kazi ya dakika moja jamani! Je, kesho kidole tumbo kikimuuma binamu yangu upande wa kushoto, nani atakifikiria?

Shangazi ameandika kwa wino mwekundu juu ya kadi ya kliniki: MOYO UKO KULIA. Mwenyewe akiambiwa aonyeshe moyo hujipiga kulia, na wenzake wakimcheka, yeye huwacheka zaidi.