Usiache Mbachao

Neno la kwamba dawa ya kuponya UKIMWI imepatikana halikosi kusikika, iwe mtaani Buyenzi au kambini. Nalo likisikika, huwapo mwenye virusi ajiulizaye kama bado ipo haja ya kumeza vidonge kila siku. Haja ipo, na yafaa kila jamaa ifahamu sababu yake.

Virusi vya UKIMWI vilitambuliwa mwaka 1983 katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Virusi hivi huingia katika chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo walinzi wa mwili, na kujipachika katika vinasaba vyake. Baadhi ya chembe hizo hulala kwa miaka mingi. Vidonge huvizuia virusi visizaane, lakini haviwezi kumfikia adui aliyelala. Dawa ikiachwa, adui huamka, na kwa kawaida baada ya majuma machache virusi huonekana tena katika damu.

Hapo ndipo watafiti wanapohangaika. Wako wanaotafuta njia ya kumwamsha adui huyo ili auawe. Wako wanaotaka alale moja kwa moja. Na wako wanaojaribu kumkata kutoka katika vinasaba. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na saratani ya damu, alitiwa uboho wa mtu mwingine mjini Berlin mwaka 2007. Uboho huo ulikuwa wa asili adimu ambayo virusi hushindwa kuupenya. Brown alipona UKIMWI, naye alifariki mwaka 2020 kwa saratani ile. Wengine wachache mno wamepona kwa njia hiyo, ila tiba yenyewe yaweza kuua, hivyo hupewa tu mwenye saratani iliyomshinda daktari.

Mara nyingine furaha imetangulia ushahidi. Mwaka 1990 ilitangazwa mjini Nairobi dawa iitwayo Kemron, na wagonjwa wengi wakajawa na matumaini. Majaribio yaliyofuata, yakiwamo ya Uganda, hayakuona faida yake. Huko Mississippi, Marekani, mtoto aliyezaliwa na virusi mwaka 2010 alipewa dawa mapema sana, kisha zikakatishwa. Kwa zaidi ya miaka miwili virusi havikuonekana, na dunia ikadhani amepona. Mwaka 2014 vilirudi.

Mjini Bujumbura, Jeanne Gapiya-Niyonzima alikuwa Mrundi wa kwanza kutamka hadharani kwamba anaishi na virusi, na mwaka 1993 alianzisha chama cha ANSS cha kuwasaidia wenzake. Siku hizo hapakuwa na vidonge vya kutegemea. Leo vipo. Anayevimeza barabara hadi virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na mama mja mzito humkinga mwanawe.

Basi askari anayehamishwa kituo na aulize, kabla ya kufunga mizigo, wapi atapata dawa zake huko aendako. Mke na mume na wakumbushane saa ya kumeza. Atakayesikia habari za tiba mpya na aende nazo kwa mganga wa zahanati, vidonge vyake vikiwa mfukoni. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Siku tiba itakapofika kweli, na imkute mgonjwa yu hai.